Promota inafungua mpaka wapi? Namna ya kusoma majaribio ya jeni za kipokezi cha seli T

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya kipokezi cha seli T, protini ambayo seli hizo za kinga hutumia kutambua vimelea, lazima mwanafunzi mmoja aulize: "Dokta, jeni hiyo bado iko vipande vipande. Haiwezi kutoa protini. Sasa promota imekaa pale inafanya nini?" Ni swali zuri, kwa kuwa promota ni sehemu ya DNA ambapo unukuzi, yaani kunakiliwa kwa jeni kuwa RNA, huanzia. Nafundisha kinga ya mwili kwa wanafunzi wa uzamili hapa Dar es Salaam, wengi wao wametoka wodini au maabara za hospitali, na jibu la sentensi moja huwa halidumu vichwani mwao hata wiki. Kinachodumu ni kujifunza kuyasoma majaribio yenyewe. Utaratibu ninaowapa ndio huu.

Anza na ramani, si na makala

Chukua karatasi, ilaze, chora mstari mmoja mrefu. Hilo ni eneo la jeni ya mnyororo wa beta (kipokezi kina minyororo miwili, alfa na beta), ambalo kwa binadamu liko kwenye kromosomu ya 7 na kwa panya kwenye kromosomu ya 6. Upande wa kushoto weka rundo la vipande vya V. Seli huchagua V moja, D moja na J moja na kuviunganisha, na kazi hiyo ndiyo upangaji; C ni sehemu isiyobadilika. Acha nafasi kubwa. Kisha weka Dβ1, vipande sita vya Jβ1, na Cβ1. Endelea na Dβ2, vipande vya Jβ2, na Cβ2. Baada ya Cβ2 chora duara: hiyo ndiyo enhansa, Eβ, kipande cha DNA kinachochochea promota kutoka mbali. Kulia kabisa kuna V moja iliyokaa peke yake, imegeuka kinyumenyume. Iweke na yenyewe, maana watahini wakorofi huipenda sana.

Sasa chukua kalamu nyekundu. Weka kishale kidogo kushoto mwa Dβ1, kikigusa ukingo wake. Hiyo ni promota ya Dβ1, inayoandikwa PDβ1. Eneo zima la beta kwa binadamu lina takriban jozi 685,000 za besi, na kishale chako chekundu ni jozi mia chache tu. Tofauti hiyo ya ukubwa ikae akilini muda wote unaposoma.

Bado hujamaliza. Pembeni mwa kila kipande andika 12 au 23. Hizo ni alama za kukatia: herufi saba, CACAGTG, kisha nafasi ya besi 12 au 23, kisha herufi tisa, ACAAAAACC. V ina 23 upande wake wa kulia. D ina 12 kushoto na 23 kulia. J ina 12 kushoto. Vimeng'enya vya RAG1 na RAG2, ambavyo jeni zake zilipatikana katika maabara ya David Baltimore kati ya 1989 na 1990, hukata pale alama inapokutana na kipande, na huoanisha 12 na 23 tu. Ukiitazama ramani yako vizuri utaona kwamba kwa hesabu hiyo V ingeweza kuiruka D na kuungana na J moja kwa moja. Haifanyi hivyo, na kinachoizuia kimo ndani ya alama zenyewe, promota haihusiki. Nimelitaja mapema kwa sababu wanafunzi hupenda kumbebesha promota kila kitu.

Ukiwa na ramani hiyo, tatizo linajionyesha lenyewe. Alama za seli T na zile za jeni za kingamwili katika seli B zinafanana. RAG ni ile ile. Lakini seli B haikamilishi kipokezi cha seli T. Kwa hiyo kuna kitu kinachoamua ni alama zipi RAG izifikie, katika seli ipi na wakati upi. Mwaka 1985 George Yancopoulos na Frederick Alt walionyesha kwamba vipande vya V vya kingamwili ambavyo havijaunganishwa vinanukuliwa kuwa RNA katika kipindi kile kile ambacho vinajiandaa kupangwa. Wazo lao lilikuwa kwamba unukuzi na ufikiwaji vinakwenda pamoja. Baadaye majaribio ya kwenye mirija yakaonyesha sababu: alama iliyofungwa kwenye nukleosomu (DNA iliyozungushwa kwenye protini za histoni), RAG haiwezi kuikata vizuri. DNA inapaswa kufunguliwa kwanza.

Uliza kilichofutwa, kisha uliza ambacho hakikuguswa

Ukifungua makala, nenda kwenye mchoro unaoonyesha panya alivyotengenezwa. Usisome muhtasari kwanza. Funika hata kichwa cha habari kwa mkono ukiweza. Kwenye ramani yako kata kile walichokifuta, halafu andika utabiri wako kwa penseli: kipi kitashuka, kipi kitabaki.

Anza na jozi hii, kwa sababu inafundisha zaidi ya mihadhara yangu. Mwaka 1996 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Ufaransa, yaliifuta Eβ kwa panya. Upangaji wa beta ulizuiwa karibu wote, katika makundi yote mawili ya D na J, na seli T za alfa-beta zikakosekana. Seli T za gama-delta, ambazo kipokezi chake hutumia minyororo mingine, ziliendelea kama kawaida. Mwaka 1999 maabara ya Jianzhu Chen huko MIT ikafuta PDβ1 peke yake. Upangaji wa Dβ1 ukashuka sana. Dβ2, iliyo kwenye kromosomu hiyo hiyo, hatua chache tu mbele, haikutikisika.

Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi. Wengi hukimbilia kuandika "promota ni muhimu kwa upangaji wa beta." Sentensi hiyo si ya uongo, ila haikusaidii kitu. Dβ2 iliyobaki salama ndiyo inayobeba habari: enhansa inahudumia eneo zima la D na J, ilhali promota inahudumia jirani yake wa karibu. Dβ2 ina promota zake. Kama watafiti wasingepima Dβ2, tusingejua kama tumeona kazi ya promota au tumeona tu eneo lililovurugika kwa sababu limekatwakatwa. Kwa hiyo unaposoma, tafuta jirani ambaye hakuguswa. Makala isiyompima jirani naisoma kwa mashaka, hata ikitoka maabara kubwa kiasi gani.

Kuna mtego mwingine katika mchoro huo huo. Ili kufuta kipande cha DNA kwa panya, watafiti huingiza kwanza jeni ya kuhimili dawa, na jeni hiyo huja na promota yake mwenyewe. Ikiachwa mahali pale, umeondoa promota moja na kuweka nyingine! Angalia kama iliondolewa kwa kimeng'enya cha Cre, kinachoondoa DNA iliyo kati ya alama mbili za loxP, ikabaki alama moja tu. Kama haikuondolewa, matokeo yanaweza kuwa ya mgeni huyo.

Uliza ni seli zipi

Hii ndiyo sehemu inayowaangusha wengi, na si kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu imefichwa kwenye sehemu ya mbinu ambayo hakuna anayependa kuisoma.

Seli T changa, zinazokulia kwenye tezi ya thaimasi, hupanga beta zikiwa bado hazina CD4 wala CD8, protini mbili za juu ya seli zinazoonyesha hatua ya ukuaji. D na J huungana kwanza, kisha V. Seli iliyofanikiwa kupata mnyororo wa beta unaofanya kazi hupita mchujo, huongezeka kwa wingi sana, na kuwa na CD4 na CD8 kwa pamoja. Hizo zenye CD4 na CD8 ndizo zinazojaza tezi. Ukichukua thaimasi nzima na kuisaga, unapima hasa watoto wa zile chache zilizofaulu. Kasoro inayoweza kuwa imepunguza sana upangaji mwanzoni itaonekana ndogo, au haitaonekana kabisa, kwa sababu waliofaulu wameshazaliana na kuziba pengo. Panya aliyefutiwa promota anaweza kuwa na thaimasi ya ukubwa wa kawaida. Usidanganyike na ukubwa.

Basi tafuta kama walichuja seli za hatua ya mwanzo kabla ya kupima. Na kama wanapima unukuzi au hali ya kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga), tafuta kama walitumia panya asiye na RAG. Kwa panya huyo hakuna kilichokatwa, kwa hiyo maeneo yote mawili ya beta, moja kutoka kwa kila mzazi, yako kama yalivyorithiwa. Kwa panya wa kawaida huwezi kujua kama promota imenyamaza au imetupwa. Ndiyo, imetupwa: V inapoungana na DJ, DNA yote iliyo kati yao huondolewa, na PDβ1 imo humo. Promota hii hufanya kazi ya kujiondoa yenyewe, na kuanzia hapo jeni iliyokamilika hunukuliwa kwa promota ya V.

Ukitaka kuchunguza alfa kwa panya asiye na RAG, seli zake zinakwama kabla ya kufika hatua inayotakiwa. Watafiti huzisukuma mbele kwa kumpa panya jeni ya beta iliyokwisha kuunganishwa, au kwa kumdunga kingamwili dhidi ya CD3, protini inayoambatana na kipokezi. Ukikutana na maneno hayo kwenye mbinu, usiyaruke. Ndiyo yanayofanya kipimo kiaminike.

Kuisoma jeli

Jaribio la kawaida la Dβ1 na Jβ1 ni PCR, mbinu ya kunakili DNA iliyo kati ya praima mbili (vipande vifupi vya kuanzishia), kisha nakala hutenganishwa kwa urefu kwenye jeli: praima moja kushoto mwa Dβ1, nyingine kulia mwa Jβ1.6. DNA isiyopangwa hutoa mstari wa juu kabisa, mrefu kuliko yote. Chini yake huja mistari ya zile zilizoungana. Wengi hudhani Jβ1.1 itatoa mstari mfupi kwa kuwa iko karibu na D. Ni kinyume. D ikiungana na Jβ1.1, kilichokatwa ni kidogo na vipande vingine vyote vya J vimebaki ndani ya eneo linalonakiliwa, hivyo mstari unakuwa mrefu. Jβ1.6 ndiyo fupi. PCR nayo hupendelea vipande vifupi, kwa hiyo usilinganishe Jβ1.1 na Jβ1.6 ndani ya njia moja ya jeli. Linganisha Jβ1.6 ya panya asiyeguswa na Jβ1.6 ya panya aliyefutiwa.

Angalia kama DNA ilipunguzwa hatua kwa hatua, njia tatu au nne kwa kila sampuli. Njia moja nzito haisemi lolote. PCR ikishafika kilele, sampuli yenye nyingi na yenye kidogo zinafanana. Angalia pia jeni ya kulinganishia wingi wa DNA. Na kwa jaribio la promota hasa, hakikisha praima ya kushoto imekaa nje ya sehemu iliyofutwa. Ni jambo dogo la kipuuzi, lakini praima isiyo na pa kushika hutoa jeli nyeupe inayovutia sana. Kumbuka vilevile kwamba V ikishaungana, mahali pa praima hiyo pameondoka, hivyo jeli inaonyesha tu maeneo yaliyoishia DJ.

Mahali au unukuzi?

Sasa tumefika panaponoga. Promota ikifanya kazi, mambo mawili hutokea kwa pamoja: protini hukusanyika pale ilipo na kufungua kromatini, na mashine ya unukuzi huondoka ikipita juu ya DNA iliyo mbele. Ni lipi kati ya hayo linaloiruhusu RAG?

Mwaka 2002 Michael Sikes, Eugene Oltz na wenzao, akiwemo Michael Krangel, walitumia vipande vya beta vilivyotengenezwa maabara na kupachikwa kwenye kromosomu za seli. Waliihamisha promota. Kilichoamua ufanisi wa upangaji kilikuwa mahali promota ilipokaa, zaidi ya unukuzi wenyewe au asetili kwenye histoni, alama ya kemikali ya kromatini iliyofunguka. Promota iwe jirani na kipande, vinginevyo unukuzi peke yake hautoshi. Miaka miwili baadaye maabara ya Oltz ikapeleka G9a, kimeng'enya kinachoweka alama za kufunga kwenye histoni, moja kwa moja kwenye promota, na upangaji ukazimwa. Mwaka 2007 wakaonyesha kwamba kundi la protini la SWI/SNF, linalosogeza nukleosomu, linahitajika katika kazi hiyo ya promota.

Ukiishia hapo utasema unukuzi ni kelele tu. Lakini mwaka 2006 Iratxe Abarrategui na Michael Krangel wakaenda kwenye alfa, na huko hadithi ni tofauti. Alfa ina vipande vya J takriban 60, vimetandazwa kwenye urefu wa jozi za besi zaidi ya 60,000. Mwanzoni mwake, kabla ya Jα61 (namba za Jα hushuka kuelekea mwisho), kuna promota iitwayo TEA. Villey na wenzake walikuwa wameifuta mwaka 1996 na kuona kwamba vipande vya J vilivyo mwanzoni havitumiki tena ipasavyo, ilhali vile vya mbele viko sawa. Abarrategui na Krangel hawakuifuta. Waliiacha TEA mahali pake, wakaweka mbele yake kipande cha DNA kinachosimamisha unukuzi. Kwetu Marangu ukiziba mfereji katikati, shamba lililo juu ya kizuizi linapata maji na lililo chini linakauka, ingawa chanzo hakijaguswa. Ndivyo ilivyokuwa: ng'ambo ya kizuizi, alama za kromatini iliyofunguka zilipungua na upangaji wa V na Jα ukadorora. Hapo mwendo wa unukuzi wenyewe ulikuwa na kazi.

Utagundua jina la Krangel limo kwenye makala zote mbili, ya 2002 na ya 2006. Hajajipinga. Dβ1 iko bega kwa bega na promota yake, kwa hiyo ujirani unatosha. Vipande vingi vya Jα viko mbali na TEA na vinahitaji kitu kinachosafiri. Mwanafunzi akiniandikia "promota hudhibiti upangaji kwa njia ya unukuzi" bila kutaja kipande gani na umbali gani, nampa nusu ya alama. Hunung'unika, lakini nampa nusu.

Alfa ina jambo jingine linaloeleza kwa nini mwili hujisumbua na promota badala ya kufungua kila kitu kwa mkupuo. TEA huelekeza upangaji wa kwanza kwenye J za mwanzo. Upangaji huo unaifuta TEA yenyewe, na V iliyoungana inakuja na promota yake, ambayo sasa imesogea karibu na J zinazofuata. Zinafunguka hizo. Kama kipokezi kilichopatikana hakifai, seli hujaribu tena, V nyingine na J iliyo mbele zaidi, na kuendelea hivyo. Bila mpangilio huo seli ingeweza kuruka hadi J ya mwisho mara ya kwanza, na nafasi zote za katikati zikapotea.

Alama ambayo RAG inaisoma

Sehemu hii nitaipita haraka kwa kuwa makala zake husomeka vizuri zaidi. Mwaka 2007 makundi mawili yalionyesha kwamba RAG2 ina mkia unaoshika histoni H3 yenye vikundi vitatu vya methili kwenye laisini ya nne. Alama hiyo hujaa pale promota zinapofanya kazi. Mwaka 2010 maabara ya David Schatz ikaonyesha kwamba RAG hukusanyika kwenye maeneo madogo ya J, na D pale zilipo jirani, ambayo wao waliyaita vituo vya upangaji. Kwa hiyo promota hufungua mlango na pia huacha alama ambayo RAG huifuata. Ukisoma makala za kabla ya 2007, kumbuka kwamba waandishi hawakuwa na habari hiyo, usiwahukumu kwa hilo.

Kwa wale wa wodini wanaouliza linawahusu nini: kabla alfa haijapangwa, jeni za delta zilizolala ndani yake huondolewa, mara nyingi kwa kuunganisha δRec, alama ya kukatia iliyo kabla ya jeni hizo, na ψJα, kipande cha J kilicho jirani kabisa na TEA. Kilichokatwa hujifunga kuwa kipete cha DNA kisichojinakili, na kipete hicho kinapimika kwenye tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Jimbo la Wisconsin lilianza kuwapima watoto wake wote kwa njia hiyo mwaka 2008, ili kubaini wasio na seli T za kutosha. Mtoto aliyerithi RAG1 au RAG2 isiyofanya kazi haonyeshi vipete.

Zoezi la kufanya kabla ya kipindi kijacho: chora ramani upya, futa kishale chekundu kwa Dβ1 na ukiweke baada ya Jβ1.6, kikielekea kushoto, ili unukuzi uendelee kupita juu ya Dβ1 na J zake zote. Andika utabiri wa mambo matatu: Dβ1 na Jβ1, Dβ2 na Jβ2, na V na DJ. Kando ya kila utabiri andika ni seli zipi ungezichuja, praima zako ungeziweka wapi, na jirani gani ungempima. Nakuja kukagua karatasi, si kichwa.